Mashine Juu ya Meza ya Kukatia

Ukurasa wa tovuti uliuliza jina, binti akaandika jina. Uliuliza nenosiri, akaandika nenosiri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka tena, kisha ukurasa ukarudi palepale ulipoanzia na kuuliza jina. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna onyo. Ilikuwa kama kushughulika na mlinzi wa getini anayepokea kitambulisho chako kwa adabu, anakisoma, anakurudishia, halafu anakuuliza wewe ni nani.

"Imekubali?" mama yake aliuliza kutoka sakafuni.

"Bado."

"Jana ulisema imebaki kidogo."

"Kidogo chenyewe ndicho hiki, mama."

Mama aliinamia tena kitambaa chake. Alikuwa amepiga magoti juu ya kipande cha godoro, mkasi mkononi, pini tatu zimebanwa midomoni, anakata sare za watoto wa shule. Hii ilikuwa siku ya kumi na moja anakatia nguo chini. Meza ya kukatia, ambayo ndiyo meza pekee ya maana mle ndani, ilikuwa imekaliwa na mashine. Kila alipotaka kuinuka ilibidi ashike mguu wa meza kwanza, avute pumzi, ndipo magoti yakubali. Hakuwahi kulalamika. Binti angefurahi kama angelalamika.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu ya chuo cha ufundi, iliyotolewa stoo ikiwa na vumbi la kutosha kupandia mbegu. Mkuu wa chuo alimkabidhi na maneno machache. Alitaka tovuti ya chuo ikae humo ndani, wanafunzi waisome kutoka maktaba kwa waya bila kuhitaji intaneti: ratiba, matangazo, matokeo ya mitihani. "Ijumaa saa nne uje uionyeshe," alisema. "Ikifanya kazi, kuiendesha ni kazi yako mwaka mzima. Isipofanya, Jumatatu nasaini na kampuni." Kwa mtu ambaye shahada yake ilikuwa na miaka miwili ndani ya bahasha ya plastiki, mwaka mzima wa kazi lilikuwa neno zito.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Siku ya kwanza seva, programu ya kuwapelekea wasomaji kurasa, ilikataa kuwaka kwa kuwa programu nyingine ilikuwa imekalia mlango wake, akaifukuza. Kisha hifadhidata, ghala la habari zote, ikakataa kuzungumza na tovuti, siku mbili nzima, kumbe nenosiri lilikuwa na nafasi moja tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Kisha ukurasa ukatoka mweupe pee. Hayo yote aliyavuka. Lakini tangu Jumanne alikuwa amekwama hapa pa kuingia. Alikuwa ameifuta programu yote na kuisimika upya mara tano, na mara zote tano ilisimama vizuri, ikampongeza, halafu ikakataa kumfungulia mlango.

Umeme ulikatika saa tano na nusu. Mashine ikazimika kwa mlio wa mtu anayekata roho.

"Basi tena," binti alisema, akaegemeza paji la uso ukingoni mwa meza.

"Usihangaike," ilisema sauti ya baba kutoka kibarazani. "Umeme ukirudi nitaiwasha mimi."

Kuwasha mashine ilikuwa kazi ya baba. Betri ndogo inayoisaidia kompyuta kukumbuka saa ilikuwa imekufa, na kishikio chake kimeliwa na kutu, hata betri mpya isingekaa. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, mashine iliamka haijui leo ni lini. Ilisimama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikingoja mtu aiwekee tarehe na saa. Binti asubuhi mpaka saa nne alikuwa akichapia watu barua kwenye duka la fotokopi, kwa hiyo alimfundisha baba yake: bonyeza kitufe hiki, andika tarehe hapa, saa hapa, kisha kitufe hiki kukubali. Baba alijifunza kwa siku moja. Tangu hapo hakutaka mtu mwingine aiguse sehemu ile, hata binti akiwapo.

Mtaani walimwita Mzee Honi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ndiye anayepiga honi ya kiwanda: ya kuingia, ya mapumziko, ya kutoka. Kiwanda kilifungwa, honi ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yeye akabaki na jina na saa ya mkononi. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemhitaji awahi popote. Mashine ya binti yake ilikuwa kitu cha kwanza baada ya miaka mingi kumngoja yeye ndipo kiamke.

Umeme uliporudi aliingia, akavua kofia, akavaa miwani. Aliitazama saa yake ya mkononi, akaandika polepole kwa kidole kimoja, akasubiri mshale wa sekunde ufike juu, ndipo akabonyeza.

"Tayari, Injinia," alisema. "Hata sekunde haijapotea."

"Ahsante, baba," binti alisema bila kugeuka.

Akaandika jina. Akaandika nenosiri. Kiduara kikazunguka.

*

Shemeji aliingia muda mfupi baadaye bila kubisha hodi ya maana. Alikuwa mume wa dada mkubwa, karani wa bohari, na kompyuta ya mapajani ambayo binti alitumia kuifikia ile kuukuu ilikuwa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuazimwa vitu.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Injinia, bado tu?"

"Shemeji, nipe mpaka jioni."

"Niliazimisha siku tatu. Leo ya kumi na moja. Bosi ananiuliza ripoti iko wapi, nimwambieje? Iko kwa shemeji yangu, anapigana na ukuta?"

"Keti kwanza mkwe," mama alisema, akijaribu kuinuka. "Nikuletee maji."

"Usisumbuke mama. Nina dakika ishirini za mapumziko." Alibaki amesimama, funguo zinalia kidoleni. "Hebu nione hilo jambo lenyewe."

Binti akamwonyesha. Jina, nenosiri, kiduara, jina. Alionyesha mara mbili, na ya pili ilimuuma zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na mtazamaji.

"Umeandika nenosiri sawasawa?"

"Shemeji."

"Nauliza tu. Mimi si msomi." Akacheka kidogo. "Lakini kampuni wangemaliza hii asubuhi moja, kweli si kweli?"

Mama aliitoa pini ya mwisho mdomoni. "Kampuni haikupewa mashine ya stoo," alisema.

Shemeji akaona aibu, na kama watu wengi wanaoona aibu, akatafuta kitu cha kuchekea. Akainama kwenye skrini ya ile mashine kuukuu, iliyokuwa ikiandika mstari mpya kila mara mtu alipougusa ukurasa, kila mstari ukianza na saa.

"Hebu ona! Sisi wengine tumetoka kazini mchana huu, ninyi mashine yenu iko alfajiri. Sifuri sita na arobaini! Ndiyo maana haifungui, Injinia. Bado imelala!"

Akacheka peke yake. Binti hakucheka. Aliitazama namba ile, kisha akaitazama pembe ya kompyuta ya shemeji. Kumi na mbili na dakika arobaini. Mistari ile alikuwa ameisoma mamia ya mara. Alikuwa amejiambia kwamba mashine inaandika saa za ng'ambo, kama mashine nyingi zifanyavyo, na hakujisumbua kujumlisha wala kutoa.

Saa sita nyuma, kamili.

"Baba," alisema taratibu. "Umeme uliporudi uliweka saa ngapi?"

"Saa sita na dakika nane." Baba alisogea, akanyoosha mkono aonyeshe saa yake ya mkononi, ambayo kama wazee wengi aliitega kwa saa za Kiswahili, na mshale wake mfupi ulikuwa umeipita sita kama ulivyoipita mchana wa kila siku maishani mwake. "Tazama. Sasa sita na arobaini. Zinakwenda sambamba, hazijaachana hata kidogo."

"Na asubuhi?"

"Saa moja na robo. Naiwasha saa moja na robo kila siku, wewe si unajua?"

"Sita!" Binti alisimama, kiti kikaanguka. "Ni kumi na mbili, baba! Mashine inahesabu kutoka usiku wa manane! Siku kumi na moja! Nimeifuta mara tano, mama anatambaa chini kama mtoto, silali, kumbe ni wewe! Nani alikutuma uipe saa zako za kiwandani? Bora usingeigusa kabisa!"

 Nje mtu alikuwa anapiga msumari.

"Kumbe honi imelia kabla ya zamu," shemeji alisema. Alitaka kupunguza makali. Ilitoka kama kofi.

Baba alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayechekwa na hataki kuharibu shughuli za watu. Akavaa kofia yake na kutoka.

Binti aliizima mashine, akaiwasha, akaandika kumi na mbili na dakika arobaini na saba. Akasubiri. Akafungua ukurasa kwenye kompyuta ya shemeji, akaandika jina na nenosiri. Kiduara kikazunguka mara moja tu.

*Karibu, Msimamizi.*

"Kumbe ni hicho tu?" shemeji aliuliza.

"Ni hicho tu."

Kwa siku tatu alikuwa ameifikiria dakika hii. Alidhani angeruka, angemkumbatia mama. Sasa aliichomoa kompyuta waya, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Chuoni kulikuwa na kompyuta nyingine za kuifungulia tovuti. Shemeji alisita mlangoni kama mwenye neno, kisha akaitazama saa, dakika zake ishirini zilikuwa zimekwisha, akaondoka.

*

Mama alikuwa anakusanya vipande vya kitambaa. "Nieleze," alisema. "Mimi sijasoma mambo hayo. Saa inahusikaje na mlango?"

Binti akakaa chini sakafuni karibu naye. "Ukitaja nenosiri, ile mashine kubwa inakupa kibali. Kibali kina muda wake, kinaisha baada ya saa moja. Mashine kubwa inaamini ni alfajiri, kwa hiyo inaandika: mwisho wa kibali hiki ni alfajiri hiihii. Kompyuta ya shemeji inakipokea mchana. Inaona kimeshakufa zamani, inakitupa. Halafu inakuwa huna kibali, unaulizwa upya."

"Hakuna aliyesema uongo."

"Hakuna."

"Sasa, baba yako ulimwambiaje siku ile unamfundisha?"

Binti alifikiri. Aliikumbuka asubuhi ile vizuri, alikuwa na haraka ya kwenda dukani. "Nilimwambia aweke saa."

"Basi aliweka saa," mama alisema, akaendelea kukunja kitambaa. "Kiwandani watu elfu moja walikuwa wakila na kupumzika kwa mkono wa yule. Mara moja alichelewesha honi, dakika nne, siku uliyozaliwa wewe. Mpaka leo anaitaja. Wewe umembebesha kosa la siku kumi na moja mbele ya mkwe wake."

Binti akainuka na kutoka.

Alimkuta baba nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, na pale saa inapokaa ngozi ilikuwa nyeupe kuliko kwingine. Saa yenyewe ilikuwa mfukoni.

"Baba, nisamehe."

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

"Basi vizuri." Akakohoa. "Hukunitukana. Ulisema kweli. Jambo nisilolijua nilipaswa kuuliza. Niliona aibu kumuuliza mtu saa, mimi."

"Mimi ndiye sikukueleza. Nilikuachia mashine nikakimbia."

 Jirani alipita na kubeza kwa mbali, "Mzee Honi, zamu imekwisha?" Baba akampungia mkono. Kisha akageuka.

"Kesho mkiifikisha huko mtakuwa mmeichomoa umeme. Si itasahau tena?"

"Itasahau."

"Basi nifundishe hesabu yake."

Binti akaingia ndani, akatoka na kipande cha katoni na chaki ya mama ya kuchorea nguo. Ongeza sita, alimweleza. Saa moja asubuhi, kwake ni saba. Saa nne ni kumi. Mchana saa saba haisemi moja, inasema kumi na tatu. Baba aliandika mwenyewe, safu mbili, kwa mwandiko wa daftari la zamu. Alisoma kwa sauti kushuka chini, kisha kupanda juu. Alikataa kuingia ndani mpaka binti alipomuuliza kwa kurukaruka na yeye akajibu zote bila kukosea, isipokuwa saa kumi na mbili jioni, ambayo ilimshinda mara mbili na kumkasirisha sana.

"Kumi na nane," alisema mwishowe. "Mashine hii ni mbishi kama mama yako."

"Nimesikia!" mama alisema kutoka ndani.

*

Ijumaa saa nne kasoro dakika chache walikuwa kwenye maktaba ya chuo. Binti alibeba mashine, baba alibeba skrini kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Mkutubi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliwaonyesha meza. Binti akawasha, akaweka saa mwenyewe, akaunganisha waya. Mkuu wa chuo alipoingia, ukurasa wa chuo ulikuwa wazi kwenye kompyuta tatu za wanafunzi: ratiba, matangazo, jina la chuo juu kwa herufi za buluu.

Mkuu alisoma ukurasa baada ya ukurasa, mikono mgongoni. Alitafuta makosa ya tahajia kwenye jina lake, hakupata. Kisha akainama chini ya meza na kuchomoa plagi.

Skrini ikawa nyeusi. Mkutubi akashika mdomo.

"Umeme hapa unakatika mara mbili kwa siku," mkuu alisema. "Waliokutangulia walinionyesha kitu kizuri, kikafa siku ya pili. Nataka kuona kinavyofufuka." Akachomeka tena.

Mashine iliguna, ikasimama kwenye maandishi meupe. Binti aliuinamia mstari wa saa. Aliandika tarehe, akaifuta, akaiandika tena. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa kwa mkutubi. Ukutani palikuwa na saa iliyosimama tangu nani ajuaye lini.

"Saa ngapi?" aliuliza, bila kumuuliza mtu.

Mkuu alianza kupapasa mfuko wa koti.

"Kumi na dakika ishirini na tatu," ilisema sauti nyuma yao. Baba hakuwa ameitoa katoni. Alikuwa amesimama wima karibu na mlango, mkono wa kushoto umeinuliwa, macho kwenye mshale. "Ngoja. Ngoja... sasa."

Binti akabonyeza.

Ilichukua dakika tatu kuamka. Kisha akaandika jina na nenosiri. Kiduara kikazunguka mara moja.

"Na kila umeme ukikatika itakuwa hivi?" mkuu aliuliza.

Binti angeweza kusema hapana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na mkataba ulikuwa mkononi mwa yule mtu. "Ndiyo," alisema. "Kishikio cha betri kimeoza. Mpaka mtakaponunua mashine nyingine, lazima mtu aiwekee saa."

"Mashine nyingine ni bajeti ya mwakani."

"Mimi nafika saa tatu," mkutubi alisema haraka, "na mambo ya hesabu msiniletee."

"Wanafunzi wanataka ratiba saa mbili, kabla ya vipindi." Mkuu alikuna kidevu. Alikuwa anafikiria kampuni, na Jumatatu. Ilionekana usoni mwake.

Baba alikohoa. "Nitakuja mimi. Asubuhi, na umeme ukirudi. Sina kazi nyingine."

"Mzee, hatuna fungu la..."

"Sijataja malipo."

"Mimi nataja," binti alisema. Hakuinamisha macho. "Akija, aje kwa kazi. Aandikwe."

Mkuu alimtazama binti, akamtazama baba na kofia yake mkononi, akaitazama mashine. Alipumua kwa nguvu, kama mtu anayesaini kitu asichokipenda.

"Mwezi mmoja wa majaribio. Wewe kwa malipo tuliyosema. Mzee nitamwandikia nauli, zaidi ya hapo sina. Ikizima siku moja wanafunzi wakakosa ratiba, nawapigia kampuni."

Haikuwa mwaka mzima. Njiani kurudi binti aliirudia hesabu hiyo kimyakimya, mwezi mmoja, na kila mara ilitoka ndogo. Baba alitembea mbele kidogo, mikono mitupu, kasi kuliko siku zote.

*

Jumatatu mama aliamka na kuikuta meza yake tupu. Alitandaza kitambaa mwanzo hadi mwisho, akakilaza kwa viganja, akasimama wima kukikata. Baba alitoka chumbani amevaa koti lake la kiwandani. Lilikuwa limepigwa pasi.

"Mapema yote hii?" mama aliuliza. "Chuo si kinafunguliwa saa mbili?"

Baba aliinua mkono, akaitazama saa yake, akaupapasa mfuko ulio na katoni.

"Kwetu sisi ni saa mbili," alisema, akiufungua mlango. "Yule anayeningoja anaiita nane."